Ufagio Begani: Utii, Uaminifu na Deni la Askari, Mwanza 1964

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano wa utii na uaminifu wa askari kwa kulinganisha taswira ya askari kloni katika bunilizi ya kisayansi na historia ya Waafrika walioitumikia Ujerumani kama askari katika Afrika Mashariki. Kiini cha mjadala ni simulizi ya malipo ya wazee hao mjini Mwanza mwaka 1964, ambapo inaelezwa kwamba walitambuliwa kwa kupewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani. Hoja ya makala ni kwamba tukio hilo limezoeleka kusomwa kuwa ushahidi wa uaminifu, ilhali linathibitisha mambo mawili mengine: kwamba mwili hukumbuka amri, na kwamba askari hakusahau deni. Tofauti hiyo imehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili, unaotenga utii na uaminifu, na pia katika maneno mawili ya Kijerumani yaliyoota mizizi katika lugha hii: shule na hela.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa simulizi zinazorudiwa sana kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, moja ina mandhari yake katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu vita hivyo, anasimulia kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai bado. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na hati walizopewa na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck vita vilipokwisha mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Mtu wa benki aliyebeba fedha akabuni njia ya kuwatambua: kila mzee aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio, kisha akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya silaha. Kwa mujibu wa Miller, hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Simulizi hii hupendwa kwa sababu inaonekana kujitosheleza. Msomaji hucheka kidogo, huguswa, kisha hukubali bila kuulizwa kwamba ameonyeshwa uaminifu wa ajabu: nusu karne imepita, dola iliyowaajiri imetoweka, na bado wazee wanainua ufagio begani. Makala hii inapinga usomaji huo. Inauliza swali rahisi: ufagio ulipima nini? Swali hilo lina uzito wa pekee kwa anayesomesha walimu Butimba, kusini mwa kitovu cha jiji hilohilo la Mwanza, ambako chuo cha ualimu na gereza ni majirani. Taasisi zote mbili huufundisha mwili wa binadamu kusimama, kukaa na kujibu kwa wakati uliopangwa. Je, kufundishwa huko humgusa mtu hadi wapi?

2.0 Askari asiyezaliwa: taswira ya bunilizi

Bunilizi ya kisayansi imelijibu swali hilo kwa kulifikisha ukingoni. Kloni ni kiumbe kilichozalishwa kuwa nakala ya kiumbe kingine. Katika filamu ya Star Wars iliyotolewa mwaka 2002, jeshi zima limenakiliwa kutoka kwa mpiganaji mmoja wa kukodiwa, Jango Fett. Nakala hizo hukuzwa kwa haraka kuliko binadamu wa kawaida, na maumbile yake yamerekebishwa ili ziwe tiifu kuliko asili yake. Katika filamu ya mwaka 2005 amri moja inatosha kuwafanya askari hao wawageuke makamanda waliopigana nao bega kwa bega. Miaka mingi kabla ya hapo, Aldous Huxley, katika riwaya yake ya mwaka 1932, alikuwa amebuni jamii inayozalisha watu kwa mafungu na kuwafundisha usingizini kuridhika na daraja walilopangiwa.

Kinachovutia katika taswira hizi ni kile zinachokiondoa. Kloni hana mama wa kumlilia, hana mahari ya kulipa, hana shamba linalomngoja, na katika filamu hizo hatuoni akidai mshahara. Ili mtawala apate utii usio na shaka, mwandishi amelazimika kufuta kila uhusiano unaomfanya mtu awe mtu. Bunilizi hiyo, bila kukusudia pengine, inatoa ungamo: utii kamili haupatikani kwa binadamu aliyezaliwa na kulelewa miongoni mwa watu. Inabidi atengenezwe upya tangu mwanzo.

Tanbihi moja ya msamiati inahitajika hapa. Kiswahili kina neno kasumba, ambalo asili yake ni masalia ya afyuni na ambalo leo hutumika kwa fikra zilizopandikizwa zikamlevya mtu asione hali yake. Sitiari hii inatofautiana na ile ya kloni. Aliyelevywa kwa kasumba alikuwa mtu kabla ya kulevywa, na anaweza kulevuka. Kloni hana hali ya awali ya kurudia. Historia ya askari wa Afrika Mashariki, kama itakavyoonekana, iko karibu zaidi na kasumba kuliko kloni, na hata kasumba yenyewe haikukolea kama watawala walivyotaka kuamini.

3.0 Kutengeneza askari, 1889–1914

Hermann von Wissmann alipotumwa mwaka 1889 kuuzima upinzani wa pwani, hakuja na jeshi la Wajerumani. Alikusanya mamia ya Wasudani waliopatikana Cairo, akaongeza wapiganaji kutoka Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kilifanywa kuwa jeshi rasmi la koloni. Baadaye wakaandikishwa watu wa bara, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Tangu mwanzo, basi, kanuni ilikuwa kumtoa mtu mbali ili asiwe na ndugu kati ya wale atakaoamriwa kuwapiga. Hapa mantiki ya askari kloni inaonekana katika umbo lake la kihistoria: utii hujengwa kwa kukata mizizi.

Lugha ya jeshi hilo inastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Vyeo vya askari vilitoka katika jeshi la Misri na mapokeo yake ya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani. Mazungumzo ya kambini, ya sokoni na ya nyumbani yaliendeshwa kwa Kiswahili. Askari aliamriwa kwa lugha asiyoitumia kufikiri, akafikiri kwa lugha ambayo baadhi ya waliomwamuru waliifahamu kwa shida. Katika hali hiyo amri si sentensi inayoeleweka na kukubaliwa. Ni sauti inayoitikiwa na mguu na mkono. Kupiga kwata hakuhitaji tafsiri. Jambo hili litatusaidia tutakapourudia ufagio.

Hata hivyo, mizizi iliyokatwa iliota upya. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika utafiti wake wa mwaka 2014, ameonyesha kwamba askari waliishi katika vijiji vyao kando ya maboma pamoja na wake, watoto, wasaidizi na wategemezi. Walitafuta heshima ya kuwa wakubwa wenye kaya, mali na wafuasi. Walilipwa vizuri kuliko vibarua wa kawaida, na malipo hayo yalikuwa msingi wa kubaki kwao jeshini. Huyu si kiumbe asiye na matakwa. Ni mtu aliyepima faida na hasara, akachagua, na uchaguzi wake ukawagharimu wengine.

Gharama hiyo haipaswi kufichwa. Wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, askari ndio waliochoma vijiji na kuharibu mazao kusini mwa nchi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kumwona askari kuwa chombo tu cha Mjerumani ni kumwondolea lawama pamoja na utu wake. Kloni hawezi kuhukumiwa, askari anaweza.

4.0 Waliobaki na walioondoka, 1914–1918

Hadithi ya askari mtiifu ilipata umbo lake kamili baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari zaidi ya 1,100. Nchini Ujerumani, waliopoteza koloni walilitumia kundi hilo kuwa hoja ya kisiasa: kama Waafrika walituandama hadi mwisho, basi tulitawala vyema na tunastahili kurudishiwa. Taswira hiyo ilikuwa imekwisha kuchongwa kabla ya vita. Sanamu ya Wissmann iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909 ilimweka askari chini ya bwana wake, uso akiuinua kumtazama. Baada ya vita sanamu hiyo ilihamishiwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967 na tena 1968.

Hoja hiyo inategemea kuwahesabu waliobaki na kuwaacha walioondoka. Katika miaka ya vita waliopita katika jeshi hilo walizidi 10,000. Wengi waliuawa, wengi walitekwa, na wengi walitoroka, hasa mwaka 1917 jeshi liliposukumwa kusini kuelekea Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Waingereza nao walipokiunda upya Kikosi cha 6 cha King's African Rifles mwaka huohuo, walikijaza kwa kiasi kikubwa wafungwa wa vita waliokuwa askari wa Mjerumani. Miili ileile, iliyofunzwa gwaride lilelile, ikabadili bendera. Kama utii uliofundishwa ungekuwa uaminifu, mabadiliko hayo yangekuwa magumu. Yalikuwa mepesi kwa kuwa kilichofundishwa kilikuwa ujuzi, na ujuzi huhamishika pamoja na mwenye nao.

Na wale waliobaki? Moyd anatuelekeza kutazama msafara wenyewe. Pamoja na askari walitembea wake zao, watoto na wapagazi. Msafara ulikuwa kijiji kinachohama. Kuuacha katikati ya Msumbiji kulimaanisha kuiacha kaya, au kuivusha katika nchi iliyojaa njaa na vikosi vya adui. Tena kulimaanisha kuyaacha malimbikizo ya mshahara uliokuwa haujalipwa. Anayebaki karibu na mdaiwa wake si lazima awe anampenda.

5.0 Mwalimu wa Kiswahili aliyedai mshahara

Maisha ya mtu mmoja yanaweka wazi kile ambacho hadithi ya utii ilikificha. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudani. Vita vilipoanza akaingizwa jeshini akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mwaka 1929 alifika Berlin, ambako alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, na akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Dai hilo halikukubaliwa. Aliishi kwa kazi za kuhudumia wateja, kwa kuigiza katika filamu za kikoloni, na kwa kufundisha Kiswahili kama msaidizi wa lugha katika chuo kikuu cha jiji hilo. Marianne Bechhaus-Gerst ameyachunguza maisha yake katika kitabu cha mwaka 2007.

Husen alivaa sare ya askari katika maonyesho, na aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele; akanyimwa. Wajerumani waliipenda picha ya askari mtiifu, lakini askari mwenyewe aliposimama mlangoni na madai mkononi, hakuwa na nafasi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa bila kuhukumiwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944.

Hapa ndipo msamiati wa Kiswahili unapofafanua jambo. Kutii ni tendo la upande mmoja: mtu hutii amri, sheria, hata kengele. Uaminifu hauwezi kuwa wa upande mmoja. Neno hili limetokana na mzizi wa Kiarabu unaotupa pia amini, imani, amani na amana. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu kwa matarajio ya kurudishwa. Mwaminifu ni yule ambaye kilichowekwa kwake hakipotei. Kwa kipimo hicho, mtumishi anaweza kuwa mwaminifu, na bwana naye anaweza kuwa, au asiwe. Husen aliweka utoto wake kwa dola. Dola haikuurudisha hata kwa umbo la mshahara. Aliyevunja uaminifu katika kisa hiki anajulikana.

6.0 Kuusoma upya ufagio

Turudi Mwanza. Simulizi ya Miller ni simulizi ya mlipaji. Ndani yake anayefikiri ni mtu wa benki. Wazee hawasemi neno. Wanafanya. Muundo huo wa kisimulizi ndio unaozaa usomaji wa uaminifu, kwa kuwa unamwacha msomaji na miili tu, nayo miili inatii.

Lakini tuulize wazee walifuata nini. Hawakuja kumlaki kamanda. Lettow-Vorbeck alifariki mwaka huohuo, mwezi Machi, huko Hamburg. Walikuja kulipwa. Wachache walikuwa wametunza hati kwa miaka arubaini na sita, kupitia utawala wa Mwingereza, vita vya pili na uhuru. Hati ya deni haitunzwi muda wote huo kwa mapenzi. Hutunzwa kwa sababu Waswahili husema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Ushahidi wa kweli wa siku ile ulikuwa karatasi, si ufagio.

Ufagio ulithibitisha kitu kingine. Mwili uliofundishwa ujanani huhifadhi amri hata pale moyo ulipokwisha kuihama, kama vile mtu aliyeacha kuswali au kusali kwa miaka mingi anavyoweza kushangaa ulimi wake ukimaliza aya. Wazee walilijua hilo. Walipoona kwamba kumbukumbu ya mwili ndiyo inayofungua sanduku la fedha, waliitoa. Kwa mara ya kwanza gwaride la Kijerumani liliwatumikia wao. Kinachosimuliwa kuwa utii kinaweza kusomeka vyema zaidi kuwa hoja ya kisheria iliyotolewa kwa mabega.

Ni haki pia kuuliza nani hakuitwa. Mtihani wa ufagio ulimtambua aliyebeba bunduki tu. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo, na waliofia njiani kwa maelfu, hawakuwa na gwaride la kuonyesha. Wala wanakijiji walionyang'anywa chakula hawakuwa na amri ya kuitikia. Deni lililolipwa Mwanza lilikuwa sehemu ndogo ya deni lote.

7.0 Januari ya mwaka huohuo

Mwaka 1964 una umuhimu wa pili. Alfajiri ya tarehe 20 Januari, askari wa Kikosi cha Kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kesho yake waliokuwa Tabora wakafuata. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Maasi yakajitokeza pia Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Rais Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, na tarehe 25 Januari makomandoo wao waliyazima maasi ya Colito. Kikosi hicho cha Kwanza kilikuwa mrithi wa Kikosi cha 6 cha King's African Rifles, kilekile kilichoundwa upya mwaka 1917 kwa askari waliotoka kwa Mjerumani. Gwaride lilikuwa limerithishwa kwa ukamilifu. Uaminifu haukuwamo katika urithi huo, kwa kuwa haukuwahi kuwamo.

Serikali ililielewa fundisho hilo. Jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likianza na vijana waliotoka zaidi katika Umoja wa Vijana wa TANU. Askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama, na elimu ya siasa ikawa sehemu ya maisha ya kambi. Hapana shaka kwamba huku nako ni kupandikiza fikra, na mhakiki hana budi kulisema hilo wazi. Tofauti iliyopo ni ya aina ya ombi. Jeshi la kikoloni lilimtaka askari asiwe na upande katika siasa za nchi yake. Jeshi jipya lilimtaka awe nao. La kwanza lilinunua utii. La pili lilijaribu kupata uaminifu, na kwa hiyo lilijifunga kulipa kwa sarafu nyingine: uraia, heshima na sauti. Kama malipo hayo yalitimia au la ni swali ambalo kila kizazi cha askari na raia kinaweza kuliuliza, na uwezo wa kuliuliza ndio unaotofautisha uaminifu na kasumba.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba askari kloni wa bunilizi na askari mtiifu wa kumbukumbu ya kikoloni ni ndoto moja ya mtawala: mtu anayetenda bila kudai. Bunilizi ni kweli zaidi, kwa kuwa inakiri kwamba mtu wa namna hiyo hana budi kutengenezwa maabara. Kumbukumbu ya kikoloni ilidai kumpata miongoni mwa watu, na ili kumpata ilibidi iwafute waliotoroka, iwanyamazishe waliodai, na iwageuze wazee wa Mwanza kuwa mikono isiyo na vinywa. Jina la riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, Walenisi, linasomeka pia kama sentensi: wale ni sisi. Ndivyo askari hawa wanavyopaswa kusomwa, pamoja na mabaya yao.

Lugha imetunza hukumu yake. Amri za Kijerumani zilizotikisa viwanja vya gwaride kwa takribani miaka thelathini hazikupata makao katika Kiswahili cha kila siku. Zilibaki mabegani mwa wazee na zikazikwa nao. Maneno mawili mashuhuri yaliyobaki ni shule, kutokana na Schule, na hela, kutokana na sarafu ya Heller iliyoingizwa katika koloni mwaka 1904. Wazungumzaji walichukua kile walichokiona kinafaa: mahali pa kujifunzia na kitu cha kulipwa.

Urithi huo unatuleta Butimba. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa mwaka 1967, Nyerere alisisitiza kwamba elimu isiwazuie watu kuyafikiri mafundisho na sera za viongozi wao, wakiwamo viongozi wa chama chake mwenyewe. Mwalimu anayehitimu hapa atasimama mbele ya mistari ya watoto kila asubuhi, na watoto watatii. Anapaswa kukumbuka kwamba mstari ulionyooka haujamwambia lolote kuhusu mioyo iliyomo. Utii atapewa bure. Uaminifu ataudaiwa kwanza yeye.